Gogo la kukatia nyama pasipo na bomba wala umeme: kukausha kwanza, mafuta baadae

Kila nikikutana na maelezo ya kutunza gogo la kukatia nyama ni mafuta tu, mafuta, mafuta. Paka mafuta kila mwezi, paka nta, paka tena. Sawa, mafuta yana kazi yake na ntayafikia huko chini, ila kwa mtu anaepika sehemu ambayo maji yanabebwa kwa ndoo na umeme ni ule wa paneli ya sola unaotosha taa na simu, kinachoamua kama gogo litadumu au litaanza kunuka sio mafuta, ni jinsi linavyokaushwa. Nikipewa nichague, gogo ambalo halijawahi kuonja mafuta ila linakauka vizuri kila siku, na gogo linalong'aa ila linalala na unyevu, nachukua la kwanza hata sijiulizi.

Sababu ni kwamba bakteria wa kwenye nyama mbichi wanahitaji maji ili wazaliane, na wakiwa na maji na joto la kati ya digrii 5 na 60 wanaongezeka kwa kasi, hali ikiwa nzuri kwao wanaweza kuwa mara mbili ndani ya dakika 20. Sasa asie na friji jiko lake lote liko ndani ya hilo joto, asubuhi mpaka usiku. Joto huliwezi, huwezi kulipoza jiko. Ulichobaki nacho mkononi ni maji, kuyaondoa.

Na hapa kuna stori moja inapendwa sana na watu wa mbao, ila inasimuliwa nusu. Miaka ya 90 kule Marekani mtafiti anaitwa Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuwa wanatafuta namna ya kusafisha mbao za jikoni zifikie usalama wa plastiki, maana kipindi hicho watu walikuwa wanaambiwa watupe mbao wanunue plastiki. Wakakuta mambo ni tofauti na walivyotegemea: bakteria wakimwagiwa juu ya mbao wanazama ndani pamoja na maji yao na baada ya muda hawapatikani tena pale juu, wakati plastiki ikishachanjwachanjwa na kisu inawaficha kwenye ile michirizi na ukiosha kwa mkono hawatoki vizuri. Matokeo yakachapishwa 1994. Hiyo ndo nusu inayosimuliwa. Nusu nyingine ni kwamba wale waliozama wanaweza kukaa hai huko ndani kwa muda, ila hawazaliani, wanakufa taratibu kadiri mbao inavyokauka. Kwa hiyo mtu anaesema mbao inajisafisha yenyewe hajamaliza sentensi. Mbao inanyonya alafu inakauka, na hiyo ya pili ni kazi yako wewe, gogo ambalo halijapata nafasi ya kukauka tangu jana haliwezi kukusaidia chochote leo.

Kabla ya kuosha kwenyewe, lijue gogo lako kwanza. Kuna magogo ambayo nyuzi za mbao zimesimama wima, ukiangalia juu unaona vichwa vya nyuzi, vimiraba vimiraba vimeunganishwa kwa gundi au kipande kizima cha shina chenye pete zake, na kuna ubao ambao nyuzi zimelala, unaona mistari mirefu. La nyuzi wima ndo gogo la kazi ya shoka na kisu kikubwa, makali yanaingia katikati ya nyuzi na ukinyanyua kisu nyuzi zinarudiana, ndo maana halichakai haraka na kisu hakibutuki haraka. Ubaya wake nyuzi zilizosimama hivyo ni sawa na mirija, inanyonya maji na damu na mafuta kwa kasi kubwa kuliko ubao uliolala, na ikikauka inakauka kwa kasi pia, kwa hiyo inapasuka kirahisi. Kama ndo unatafuta gogo jipya, taka mbao ngumu yenye vitundu vidogo sana. Kanuni za chakula za Marekani kwa mfano zinaruhusu mbao kwenye magogo ya kukatia kwa masharti, zinataja maple ngumu au mbao nyingine iliyobana inayolingana nayo kwa ugumu. Mbao laini inachimbika, yenye vitundu vikubwa vya kuonekana kwa macho inakusanya uchafu, na mbao usiyoijua jina lake achana nayo kabisa, kuna miti ina utomvu wa sumu na gogo la chakula sio mahali pa kufanyia majaribio.

Haya, tumeshakata, sasa kuosha. Wengi wanaanza na maji. Maji ni ghali kwa alieyabeba, alafu ukimwaga maji juu ya mafuta na damu unachofanya ni kutengeneza supu na kuilisha mbao. Anza na kukwangua. Chukua kipande cha chuma bapa chenye ukingo ulionyooka, kuna kile cha waokaji cha kukatia unga kinafaa sana, au mgongo wa kisu kikubwa, ukishike kwa mikono miwili kimelala kidogo kuelekea kwako, ukivute kwa nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Utaona kinakuja na ute wa kijivu uliochanganyika na vumbi laini la mbao, kama uji mzito, wa mwanzo una rangi ya damu na mafuta yanang'aa, futa chuma kwenye karatasi au jani alafu rudia, na kila ukirudia ule ute unapungua na unakuwa mweupe mpaka kinachotoka ni unga mkavu tu. Hapo umeshaondoa sehemu kubwa ya uchafu na hujagusa tone la maji. Wachinjaji wa zamani kazi yao ya kila jioni ilikuwa ni hiyo hiyo, chuma cha kukwangulia na brashi ngumu ya waya bapa, ndo maana magogo yao ya zamani sana utayaona yameliwa katikati yakawa na bonde.

Baada ya hapo ndo maji, na ni kidogo. Kitambaa au brashi ya nailoni, maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, sabuni kidogo, sugua kwa mzunguko, kona na kando pia maana damu huwa inateremka pembeni na watu wanasahau. Maji ya kusuuzia kikombe kimoja au viwili vinatosha kama ulikwangua vizuri. Alafu futa papo hapo kwa kitambaa kikavu. Kuloweka ni marufuku, hata nusu saa, na gogo lisilale kwenye beseni. Maji yanayochemka nayo siyapendi, najua watu wengi wanamwaga birika zima wakiamini wanaua kila kitu, ila maji yale yanapoa sekunde chache tu yakigusa mbao, kule ndani hayafiki na joto lolote la maana, na kama gogo limeunganishwa kwa gundi unailegeza gundi na kuvimbisha juu wakati chini kuko kavu. Yale maji machafu usiyamwage mlangoni, harufu ya nyama inaita wanyama na nzi, peleka mbali au chimba kashimo.

Jiki inahitajika pale ulipokata kuku, nyama mbichi au samaki, sio kila siku kwa kila kitunguu. Kipimo cha Wizara ya Kilimo ya Marekani ni kijiko kikubwa kimoja cha jiki isiyo na manukato kwenye galoni moja ya maji, yaani ml 15 kwa karibu lita 3.8, kwa lita moja basi ni kijiko cha chai kisichojaa. Ila angalia chupa, nguvu zinatofautiana sana, hicho kipimo ni cha jiki za asilimia 6 hadi 8 hivi, kama yako imeandikwa 3.5 weka mara mbili. Lowesha uso wa gogo, acha dakika kadhaa, suuza, futa. Mambo mawili watu wanayakosea hapa: jiki ikikutana na damu na mafuta inaisha nguvu hapo hapo, kwa hiyo ukimwaga kwenye gogo chafu umetupa jiki, lazima liwe limeshaoshwa, na jiki iliyokaa muda mrefu sehemu yenye joto inakuwa maji tu yenye harufu, chupa iliyokaa kwenye kibanda cha bati tangu mwaka jana usiitegemee. Na usichanganye na siki wala limao hata kidogo, inatoa gesi ya klorini. Siki peke yake inapunguza harufu na inapunguza bakteria kiasi, sio mbadala kamili.

Sasa kukausha. Ubao unaobebeka usiulaze, usimamishe kwa ukingo wake ili pande zote mbili zipate upepo, na uusimamishe ukingo ambao nyuzi zimelala, sio kichwa cha nyuzi, maana kichwa kikigusa meza yenye maji kinafyonza. Gogo zito lisilonyanyuka liwe na miguu, hata vipande vinne vya mbao vya unene wa kidole gumba, hewa ipite chini. Nimeona magogo mazuri sana juu, ukiyageuza chini kuna ukungu mweusi, kwa sababu yalikuwa yamelala flati kwenye meza na kila maji yaliyoteremka yalikwenda kukaa huko.

Jua. Hapa napingana na watu. Jua kali linakausha haraka na mionzi yake inaua vijidudu vya juu juu, hiyo kweli, ila mbao haitaki haraka. Mbao ikiwa na maji chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wake mkavu ndo inaanza kusinyaa kila inapopoteza maji, na inasinyaa kwa upana, sio kwa urefu wa nyuzi, tena kufuata mzingo wa pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea katikati ya shina. Kwa hiyo uso wa juu ukikaushwa na jua la saa saba wakati ndani bado kumelowa, juu kunavutwa, ndani kumegoma, na kinachotokea ni ufa. Ndo ile mipasuko inayotoka katikati kama mionzi kwenye gogo la shina zima. Kivulini penye upepo panatosha, jua la asubuhi la muda mfupi sawa, na karibu na jiko la kuni hapana, pale ni pabaya kuliko jua kwa sababu joto linapiga upande mmoja tu. Usiku lifunike kwa kitambaa chepesi au chandarua dhidi ya nzi na vumbi, nailoni usifunike, inarudisha unyevu wote uliohangaika kuuondoa.

Msimu wa mvua ambapo hakuna kinachokauka, chumvi. Chumvi ya mawe, nyunyiza juu ya gogo baada ya kufuta, acha usiku kucha, asubuhi utaikuta imeloa, ikwangue uitupe. Inavuta maji na inafanya uso usikalike kwa bakteria wengi. Ila usiache kisu juu yake kitapata kutu, na gogo lenye chumvi usiliache nje porini. Nungunungu wa Amerika Kaskazini wanajulikana kwa kutafuna mipini ya mashoka na makasia kwa ajili ya chumvi ya jasho tu, sembuse gogo lililonyunyiziwa makusudi.

Ok, mafuta. Kazi ya mafuta ni kujaza zile nafasi ambazo maji na damu zingeingia, kwa hiyo yanasaidia kukausha, hayaibi nafasi yake. Usipake kwa kalenda, paka kwa kuliangalia gogo: dondosha matone machache ya maji juu yake likiwa kavu, matone yakisimama mviringo uko salama, yakitandaa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika chache lina kiu. Lililo jipya litakunywa sana mwanzoni. Na lazima liwe limekauka kweli kweli kabla ya kupaka, ukipaka juu ya unyevu umeufungia ndani.

Mafuta gani? Kuna makundi matatu kichwani mwangu. La kwanza ni likwidi parafini, yale mafuta ya maji yasiyo na rangi wala harufu yanayouzwa famasi kama dawa ya kulainisha choo, hayaharibiki kamwe na hayagandi, na naomba mtu asiyachanganye na mafuta ya taa, ni vitu viwili tofauti kabisa na kimoja kitakuua. La pili ni yale yanayokauka yakawa magumu, mafuta ya mbegu za kitani au ya mbegu za mti unaoitwa tung, yanashika vizuri kuliko parafini ila yanataka siku hadi wiki kadhaa kukauka, na ya kitani yawe yale ya kuliwa, sio yaliyoandikwa yamechemshwa ya mafundi rangi, hayo mengi yanatiwa dawa za madini za kuharakisha kukauka. La tatu ni mafuta ya kupikia ya kawaida, alizeti, mahindi, zeituni, haya siyataki kwenye gogo, hayakauki yakawa magumu, yanabaki kunata na baada ya muda yanachacha. Nazi iko katikati, inachacha polepole kwa sababu ya aina ya mafuta yake, kama huna kingine tumia, kwa safu nyembamba.

Wanaotumia ya kitani wasikilize hapa. Kitambaa kilicholowa hayo mafuta kikikunjwa kikatupwa kona, kinapata joto chenyewe wakati mafuta yanaungana na hewa, na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Nyumba za mbao na nyasi mbali na zimamoto, hilo sio jambo la kusoma juu juu. Kitandaze nje kikiwa kimefunguka mpaka kiwe kigumu, au kiloweke kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Paka pande zote, juu, chini na kando, ukipaka juu tu upande mmoja unapokea unyevu kuliko mwingine na ubao unajikunja. Vichwa vya nyuzi vipe mara mbili mbili. Acha usiku mzima, asubuhi futa kilichobaki. Ukitaka nta juu yake, nta ya nyuki sehemu moja kwa mafuta sehemu nne kwa uzito, kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe kopo lisikae juu ya moto wenyewe. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye digrii 62 hadi 64, kwa hiyo jiko la sola linaimaliza bila kuni, chupa nyeusi na subira tu.

Madoa sitayazungumzia sana. Lile doa jeusi la umbo la kisu ni chuma kilicholowa kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, limao na kukwangua vinapunguza. Harufu ya vitunguu, chumvi na nusu ya limao, sugua, suuza. Jivu linasugua vizuri lakini lina ukali wa magadi, linageuza mbao nyingi kuwa nyeusi na kuzila taratibu, libaki kwenye masufuria.

Ila kuna hili la gogo kupata bonde, na hapa asie na umeme asijione mnyonge. Mashine ya msasa haihitajiki. Kwanza chora mistari ya penseli uso mzima, alafu chukua kipande cha bati la chuma la msumeno wa zamani lenye ukingo ulionolewa ukakunjwa kidogo, kivute, kinatoa vinyweleo vyembamba vya mbao, na pale penseli inapobaki ndo bonde lilipo. Mafundi wa zamani walitumia hata kipande cha kioo kilichovunjika, kinafanya kazi, vaa glovu. Kwenye gogo la nyuzi wima randa inasumbua, inang'oa kingo, ukilazimika inoe sana, lowesha uso kidogo na usukume kutoka kando kuja katikati, usimalizie nje. Alafu msasa wa mkono namba 80, 120, 180, basi. Lowesha, acha likauke, nyuzi zitasimama kama ndevu za siku mbili, pitisha 180 tena. Bila hiyo hatua ya kulowesha, mara ya kwanza kuosha gogo litarudi kuwa na makwaruzo.

Nyufa inategemea. Ufa mwembamba kama unywele unaofunguka kiangazi na kujifunga masika hauhitaji kitu zaidi ya mafuta. Uliofunguka wa kupitisha kadi, kwenye maungio ya gundi, usafishe, kausha gogo lote, tia gundi ya mbao isiyoogopa maji iliyoandikwa inafaa kwa vyombo vya chakula, bana kwa kamba na kabari kama huna klampu, kamba ukiizungusha kwa kijiti inabana vizuri ajabu. Usijaze ufa kwa unga wa mbao na gundi alafu ukate kuku juu yake, ile plasta inang'oka na chini yake kunabaki pango.

Na kama unaweza, usiwe na gogo moja. Ubao mwembamba wa mboga, matunda na vitu vinavyoliwa vibichi, gogo kwa nyama, basi. Ukiwa na moja tu linalogeuzika, upande mmoja utie alama ya moto kwa msumari ili usiku kwenye mwanga hafifu usichanganye, na ukate mboga kwanza, nyama mwisho. Gogo lenye ufa ambao brashi haiingii, au linalonuka hata baada ya kukwanguliwa na kukaushwa wiki nzima, litoe kwenye nyama. Bado linafaa kupasulia kuni ndogo.